Kiazi, Hindi na Kunde: Hadithi ya Jiko la Kiyoruba

Paukwa! Nanyi mjibu: Pakawa! Kusini-magharibi mwa Nigeria msimulizi angeita, "Aalo o!", na watoto wangemjibu kwa sauti moja, "Aalo!" Huko ndiko tunakokwenda, nchi ya Wayoruba, na tutaingilia mlango wa jikoni.

Wayoruba ni makumi ya mamilioni ya watu. Wana miji mikubwa na ya kale: Ile-Ife, ambako masimulizi yao yanasema ndiko dunia ilikoanzia; Oyo, iliyowahi kuwa dola yenye majeshi ya farasi; Ibadan yenye mapaa ya bati yaliyotanda vilimani; Abeokuta, Ijebu-Ode, na jiji la Lagos lililo ufukweni. Wengine wanaishi katika nchi jirani za Benin na Togo. Kote huko utasikia msemo wa wazee unaovipa vyakula vyeo. Iyan, unasema, ndicho chakula. Oka ni dawa. Ukivikosa hivyo viwili ndipo unakula eko. Na guguru? Hiyo ni ya kuupa mdomo kazi tu.

Tuufuate msemo huo hatua kwa hatua. Tukifika mwisho wake tutaona kwamba kuna chakula kikubwa ambacho haukukitaja, na hicho ndicho kilichosafiri mbali kuliko vyote.

Iyan hutokana na kiazi kikuu. Mmea wake hutambaa na kupanda juu ya kijiti alichousimikia mkulima, na chini, ndani ya tuta la udongo, kiazi hunenepa hadi kufikia urefu wa mkono wa mtoto na uzito wa kilo kadhaa. Wanasayansi waliochunguza vinasaba vya kiazi cheupe cha Afrika Magharibi wanasema kilitolewa porini na wakulima wa bonde la mto Niger. Mpaka leo zaidi ya nusu ya viazi vikuu vinavyolimwa duniani hutoka Nigeria. Basi si ajabu kwamba katika miji mingi ya Kiyoruba kiazi kipya hakiliwi ovyo. Husubiriwa sikukuu ya mavuno, shukrani zitolewe, mfalme wa mji, ambaye wao humwita oba, ashiriki, ndipo watu wote wale.

Kupika iyan ni kazi ya nguvu. Kiazi humenywa, hukatwa vipande, huchemshwa hadi kilainike. Kisha vipande hutiwa kwenye kinu cha mti kiitwacho odo, na hapo mchi huanza kupanda na kushuka. Familia ikiwa kubwa, watu wawili au watatu hutwanga kwa zamu katika kinu kimoja bila michi kugongana. Mwanzoni kiazi hupondeka na kuwa vipande vidogo. Kisha hushikana. Kisha, mtwangaji asipochoka, huwa bonge moja jeupe, laini, linalovutika, lisilo na hata punje ya dongedonge. Mgeni akipata dongedonge katika iyan, mwenyeji huona haya. Watu wa Ekiti, Ijesa na Ondo ndio wanaosifika zaidi kwa kuipenda. Siku hizi kuna mashine za kutwangia na unga wa kukoroga harakaharaka, lakini wazee wakionja tonge la kwanza hutambua mara moja lililopita kinuni.

Cheo cha pili ni oka, ambayo leo wengi huiita amala. Sasa angalieni vizuri, wanangu, maana hapa ndipo maajabu yanapoanza. Amala hutokana na kiazi kilekile! Kiazi humenywa, hukatwa, huchovywa katika maji ya moto na kuachwa humo usiku kucha, halafu huanikwa juani siku kadhaa hadi kikauke kama mbao. Hapo husagwa na kuwa unga unaoitwa elubo. Unga huo una rangi ya vumbi hafifu, lakini ukimiminwa kwenye maji yanayochemka na kusongwa kwa mwiko, hugeuka kahawia iliyokolea, karibu na weusi. Mtoto asiyeijua amala huweza kudhani imeungua. Haikuungua hata kidogo: ni kiazi kilichobadilika rangi katika kukaushwa na kusongwa. Wanaoipenda husema ni nyepesi tumboni kuliko iyan, na mji wa Ibadan unajulikana kote Nigeria kwa amala yake.

Kwa nini watu wahangaike kukausha kiazi ambacho tayari ni kitamu? Kwa sababu kiazi kibichi huoza, na mvua zina majira yake. Kilichokaushwa hungoja. Waliobuni elubo walikuwa wakiitafutia familia chakula cha miezi ambayo ghala limepungua. Na kiazi hicho hicho bado kina sura nyingine. Kikipikwa na mawese na pilipili mpaka kikawa rojo, kinaitwa asaro. Kikikatwa na kukaangwa, ni dundun. Aina nyingine ya kiazi kikuu, ile yenye maji mengi iliyotoka Asia, hukwaruzwa na kupikwa na samaki na pilipili. Hicho ni ikokore, chakula cha fahari cha watu wa Ijebu.

Cheo cha tatu ni eko, na hapo tunaingia kwenye mahindi. Mahindi huloweshwa siku mbili au tatu, husagwa yakiwa mabichi, huchujwa kwa kitambaa, na maji yake huachwa yatulie. Chini hubaki uji mzito mweupe wenye uchachu wa kupendeza, uitwao ogi. Uchachu huo ni kazi ya vijidudu wema wasioonekana kwa macho, jamaa wa wale wanaogandisha mtindi. Ogi ikipikwa nyepesi ni uji wa asubuhi, na watoto wachanga wengi huanza nayo safari yao ya kula. Ikipikwa nzito, ikafungwa kwenye majani na kuachwa ipoe, hushikamana na kuwa eko, ambayo waweza kuibeba shambani na kuila baridi. Msemo unaiweka nyuma ya iyan, lakini wasafiri na wakulima wangapi wameshukuru kuwa nayo mkobani!

Guguru ni bisi, nazo Wayoruba huzitafuna pamoja na karanga. Hapo msemo unaishia.

Kabla ya kukifikia chakula nilichowaahidi, kuna kingine ambacho nacho hakimo: muhogo. Muhogo ulitoka Amerika Kusini, ukaletwa Afrika Magharibi na meli za Wareno, kama mahindi na pilipili. Mihogo mingine ni michungu na ina sumu. Lakini wanawake walijua dawa yake: uukwaruze, uutie katika gunia, uukandamize kwa mawe mazito mpaka maji yatoke, uuache uchache siku kadhaa, uuchekeche, kisha uukaange juu ya karai pana huku ukiugeuza bila kupumzika. Sumu huondoka, hubaki chenga kavu ziitwazo garri. Maarifa hayo yalienea sana katika karne ya 19, wakati watu waliokuwa wametekwa utumwani walipoachwa huru na kurudi kutoka Brazil. Garri ikikorogwa kwa maji ya moto huwa eba, jamaa wa ugali. Garri ya Ijebu ni kavu na chachu, na wanafunzi huipenda kwa maji baridi, sukari na karanga, hasa pesa zinapokuwa zimekwisha.

Iyan, amala na eba haziliwi peke yake. Humegwa tonge kwa mkono wa kulia, hubonyezwa, huchovywa katika mchuzi. Na mchuzi wa kwanza kuujua ni ewedu, kwa sababu nyinyi mnaufahamu tayari. Ewedu ni mlenda! Ni mmea uleule tunaouchuma Tanzania na Kenya. Tena Wayoruba huupika kwa kuutia magadi kidogo ili ulainike, kama wanavyofanya mama na bibi zetu wengi. Wao huongeza jambo moja: huyapiga majani yaliyochemka kwa ufagio mfupi mgumu uitwao ijabe, unaotunzwa kwa kazi hiyo tu, mpaka yasagike na kuwa utelezi wa kijani. Pembeni huandaliwa gbegiri, mchuzi wa manjano unaopikwa kwa kunde zilizomenywa. Herufi za mwanzo za jina hilo, g na b, Wayoruba huzitamka kwa pamoja, kwa pumzi moja, jaribuni! Juu ya amala nyeusi hutiwa ewedu ya kijani upande mmoja, gbegiri ya manjano upande wa pili, na katikati mchuzi mwekundu wa pilipili wenye nyama. Mkusanyiko huo ndio abula, na Ibadan watu hupanga foleni kwa ajili yake.

Kuna pia efo riro, mboga za majani zilizopikwa kwa mawese, vitunguu, pilipili nyekundu, samaki mkavu na kamba wadogo. Kuna mchuzi wa egusi, uliotengenezwa kwa mbegu za aina ya tikiti zilizokaushwa na kusagwa. Kuna ponmo, ngozi ya ng'ombe iliyopikwa mpaka ikawa laini, ambayo watoto hugombania. Na mahali pengi ndani ya michuzi hii utakutana na iru. Iru ni mbegu za mti mkubwa wa aina ya Parkia. Huchemshwa saa nyingi, humenywa, huchemshwa tena, hufunikwa mahali penye joto siku kadhaa mpaka zichache. Harufu yake ni kali. Anayeinusa mara ya kwanza hukunja uso. Ikishaingia kwenye mawese ya moto, uso hukunjuka wenyewe, maana huupa mchuzi utamu wa kina ambao nyama peke yake haiwezi kuuleta.

Hapa ndipo penye kisa cha Ijapa, kobe mjanja wa Wayoruba, ambaye kwao anashika nafasi ya sungura wetu. Ijapa na mkewe Yannibo hawakuwa na mtoto. Ijapa akaenda kwa babalawo, mwaguzi mwenye hekima, kuomba msaada. Babalawo akapika mchuzi wa dawa, akaufunika vizuri, akamkabidhi na kumwonya: "Huu ni wa mkeo. Wewe usionje hata tone." Ijapa akashika njia. Jua likawaka, mvuke ukatoka chini ya kifuniko, harufu ikamfuata kila alipopinda. Akasema moyoni, nitanusa tu. Akanusa. Akasema, nitachovya ncha ya kidole. Akachovya. Kisha akaketi chini ya mti akamaliza chungu kizima. Hakufika mbali kabla tumbo lake halijaanza kuvimba. Likavimba, likavimba, akalibeba kwa mikono miwili na kurudi kwa babalawo akilia na kudanganya kwamba alijikwaa, mchuzi ukamrukia mkononi, mkono ukaenda mdomoni wenyewe! Wapo wasimulizi wanaosema alisamehewa, wapo wanaosema hapana. Watoto wa Kiyoruba husikiliza kisa hicho na kujifunza kwamba chakula kikiwa cha mwingine, utamu wake si ruhusa.

Sasa tukifikie chakula nilichowaahidi, kile kikubwa ambacho msemo ulikisahau: kunde. Wayoruba huiita ewa, nayo ni mbegu ya Afrika tangu kale. Ikichemshwa ikaungwa kwa mawese na pilipili, tayari ni mlo, na Lagos huliwa na mkate laini unaoitwa kwa jina la mtaa wa Agege. Ikimenywa na kuchemshwa mpaka isagike, ni gbegiri tuliyoionja. Ikimenywa, ikasagwa na pilipili na vitunguu, ikafungwa kwenye majani na kupikwa kwa mvuke, ni moinmoin. Mpishi mkarimu hufukia ndani yake yai, samaki, kamba na vingine, na moinmoin yenye vitu saba husifiwa kuwa ina roho saba. Majani yanayotumika ni mapana na huiachia kunde harufu nzuri. Mmea wake una tunda lenye protini tamu kupita sukari mara nyingi sana, ambayo wanasayansi wameiita thaumatini.

Na kunde hiyo hiyo iliyosagwa, badala ya kufungwa majanini, ikipigwa kwa mwiko mpaka ijae hewa, kisha ikadondoshwa kijiko kwa kijiko katika mafuta ya moto, hufura na kuwa akara: nyekundu nje, nyeupe na nyepesi ndani. Jumamosi asubuhi, akara na uji wa ogi ni kifungua kinywa cha nyumba nyingi. Mzee aliyeishi miaka mingi akifariki, jamaa zake hukaanga akara tele na kuzigawa mtaani, kushukuru kwa maisha marefu.

Wayoruba huzaa mapacha kwa wingi kuliko karibu watu wote duniani, na mji wa Igbo-Ora unajulikana kwa jambo hilo. Pacha anayetangulia kutoka huitwa Taiwo, na anayefuata ni Kehinde. Lakini Kehinde ndiye mkubwa, kwa sababu inasemekana alimtuma mdogo wake akaichungulie dunia kwanza. Kwa heshima ya mapacha, wazazi hupika chungu kikubwa cha kunde kwa mawese na kuwaita watoto wa jirani waje kula. Hakuna anayeulizwa ni mtoto wa nani.

Hata mtoto ambaye hajaota jino huonjeshwa chakula chenye maana. Siku ya nane baada ya kuzaliwa, wazee hukusanyika kumpa jina. Mbele yao huwekwa vitu vidogovidogo. Maji, kwa kuwa hakuna awezaye kuwa adui wa maji. Asali na chumvi, ili maisha yake yawe na utamu na ladha. Mawese, ili mambo yake yaende laini. Orogbo, mbegu ngumu chungu, ili aishi sana. Atare, pilipili yenye mbegu nyingi ndani ya ganda moja, ili ukoo uongezeke. Kila kimoja hugusishwa mdomoni pa mtoto pamoja na dua yake, kisha waliohudhuria nao huonja, kwa sababu dua ya mtoto ni mali ya wote.

Nilisema kuna chakula kilichosafiri mbali. Ilikuwa safari ya machozi. Dola ya Oyo ilipokuwa ikisambaratika mwanzoni mwa karne ya 19, vita vilizagaa, na maelfu kwa maelfu ya Wayoruba walitekwa, wakauzwa, wakavushwa Bahari ya Atlantiki kwa minyororo. Wengi walifikishwa Bahia, nchini Brazil. Walinyang'anywa nyumba, jamaa, hata majina. Lakini namna ya kumenya kunde, kuisaga, kuipiga na kuikaanga kwa mawese ilikuwa vichwani mwao na mikononi mwao, na hapo hakuna mfanyabiashara wa watumwa aliyeweza kuifikia. Leo katika mitaa ya jiji la Salvador wanawake waliovaa nguo nyeupe huuza acarajé, akara ile ile, iliyopasuliwa na kujazwa kamba. Zamani wapo waliojinunulia uhuru kwa fedha za biashara kama hiyo. Mwaka 2005 Brazil iliiandikisha rasmi kazi ya wanawake hao kuwa urithi wa taifa.

Waliorudi Lagos kutoka Brazil nao walirudi na kitu: frejon, kunde au maharage yaliyosagwa na kupikwa kwa tui la nazi, ambayo wazao wao hula Ijumaa Kuu pamoja na samaki. Mtoto wa Mombasa au Unguja akionja hatahisi ugeni sana, kwani tui na kunde vimezoeana jikoni kwao tangu zamani.

Ndiyo maana nawapenda wapishi wa Kiyoruba. Shamba liliwapa kiazi, hindi na kunde, nao hawakusema hivi ni vichache. Walikausha, walichachusha, walitwanga, walifunga majanini, na katika vitu vichache wakapata meza nzima. Utajiri ule haukutoka sokoni. Ulitoka katika maarifa.

Nanyi mnaweza kuyashika maarifa hayo, maana akara haihitaji kitu kisichopatikana kwenu. Lowesheni kikombe cha kunde kavu. Zifikicheni kwa viganja mpaka maganda yatoke, yaelee, myamwage. Ziacheni zilowe tena saa moja, kisha zisageni na kitunguu na pilipili kwa maji kidogo sana, rojo liwe zito. Lipigeni kwa mwiko mpaka lijae hewa na kuwa jepesi. Tone lake likielea katika bilauri ya maji, liko tayari. Pwani yetu ina bajia za kunde, nazo hutiwa viungo vingine, lakini akara hutegemea zaidi hewa hiyo. Chumvi itieni mwisho kabisa, kwa kuwa wapishi wa huko husema ikitangulia hulegeza rojo. Mtu mzima asimame karibu wakati wa kukaanga.

Mkishakula, muulizeni bibi, mama au baba: kunde, muhogo au hindi, kwenu hupikwa kwa njia ngapi, na nani alimfundisha? Andikeni majibu yote daftarini, pamoja na majina ya waliofundisha, halafu chagueni chakula kimoja ambacho hamjawahi kukipika na mwombeni awaonyeshe wiki hii.